Mama Amekaa, Saa Inatembea

Kwako mshauri Benedikta,

Shikamoo. Nimekuwa msikilizaji wa kipindi chako kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa miongoni mwa wanaokuandikia, kwa kuwa nilidhani, labda kwa kiburi kidogo cha mtu aliyesoma, kwamba matatizo yanayoletwa kwako ni ya watu ambao hawakukaa chini wakayafikiria kwanza. Mimi la kwangu nimelifikiria sana, nimelichorea hata grafu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyozidi kutojua kama anayeharibu mambo ni mama yangu, ni saa, au ni mimi mwenyewe.

Naitwa Oliva. Chuo kikuu nilisomea takwimu, na sasa nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Katesh. Mama yangu, Gaudensia, ambaye majirani humwita Mama Onesphory kwa jina la kaka yangu mkubwa, anaishi peke yake Nambis, katika nyumba ambayo marehemu baba aliijenga juu ya kilima, mahali ambapo gari dogo hupanda kwa shida na basi halifikirii kupanda kabisa. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, ana shamba la maharage na vitunguu swaumu, na ana jirani yake Fransiska, ambaye ni rafiki yake tangu walipoolewa wote wawili katika kitongoji hicho mwaka mmoja. Masika iliyopita mama aliteleza akitoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, akaanguka. Hakuvunjika. Daktari alimpima akasema mifupa iko salama, ila kwa umri wake asikae sana, atembee kila siku. Sisi watoto, hata hivyo, tuliogopa, na Onesphory, ambaye anaishi Babati na ana pikapu, akatamka jambo ambalo wote tulikuwa tunalifikiria: mama ahamie kwangu Katesh, mtaa wa Jorodom, ambako nina chumba cha ziada, na ng'ombe aachiwe Fransiska.

Mama alikataa. Alikataa huku anatumiminia chai, bila kupandisha sauti.

"Wanangu," alisema, "mimi niliteleza peke yangu. Huko kwenu Jorodom uliteleza mlima. Kati yangu na huo mlima, wa kuhamishwa ni nani?"

Sisi tuliokuwapo Katesh wakati wa maporomoko yale ya matope kutoka mlimani hatulichekei jambo hilo, na nadhani hata yeye hakulisema ili tucheke, lakini Onesphory alibaki anaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

Ndipo mimi, kwa nia ya kuleta haki, nikapendekeza kipimo. Nilisema tusibishane kwa hofu wala kwa mapenzi, tupime: tutamnunulia mama saa janja, ile inayohesabu hatua, ataivaa kila siku, na mavuno ya maharage yatakapokwisha tutaangalia, ikionyesha kwamba kwa kawaida anafikisha hatua elfu nne kwa siku, atabaki kwake na hakuna atakayelitaja tena suala la kuhama, lakini ikionyesha kwamba hatembei, atakubali kupanda pikapu. Mama aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mimi sitaulizwa, itaulizwa saa?"

Nikamwambia kwamba saa haina upande. Akanyoosha mkono, nikamfunga saa. Simu yangu ya zamani nikaiacha juu ya kabati lake, inachajiwa na sola, ili kila saa inapoikaribia iipe hesabu, na mimi huku Katesh niione hesabu hiyo kwenye simu yangu ya sasa.

Wiki mbili za kwanza hesabu zilikuja ndogo kiasi cha kunitia huzuni, na Jumapili ya pili, siku ambayo mama hutembea mpaka kanisani na kurudi, jambo ambalo sijawahi kumwona akiliacha, saa haikuonyesha chochote. Nikampigia.

"Mama, shikamoo. Jana hukwenda kanisani?"

"Marahaba. Nilikwenda. Nani kasema sikwenda?"

"Saa."

"Saa haikwenda. Mimi nilikwenda."

Ikabainika kwamba Jumapili ya kwanza alikuwa ameivaa, na baada ya komunyo, kanisa zima likiwa kimya na yeye amepiga magoti, saa ikaanza kumtetemesha mkono na kuwaka taa ikimwamuru asimame atembee kidogo. Mama aliona huo ni utovu wa adabu mbele ya Mungu na mbele ya kwaya, na tangu siku hiyo Jumapili huiacha kabatini pamoja na simu. Nilimsihi basi aivae siku nyingine zote, akaivaa, na hesabu bado zikawa ndogo, hata siku ambazo aliniambia ameshinda shambani. Nikaanza kuamini (nasema kuamini, ingawa mtu wa fani yangu angepaswa kusema kukisia) kwamba mama haondoki nyumbani, kwamba magoti yanamuuma na anatuficha.

Wiki iliyofuata hesabu zikapanda ghafla. Kila asubuhi, kati ya kukamua na chai, mama alikuwa anapiga maelfu ya hatua kwa mkupuo mmoja. Mshauri, nilifurahi kama mtoto. Niliwaonyesha walimu wenzangu ofisini, nikamtumia Onesphory grafu, naye akajibu, "Huyu mama anakimbiza mwenge?" Nikacheka, lakini baadaye jibu lake likanikaa kichwani, kwa sababu nilipoziangalia tena zile hatua niliona zote ni za kasi ileile, bila pumziko, kama za mtu anayetembea kwenye uwanja wa mpira, na Nambis hakuna tambarare ya namna hiyo. Jumamosi nikapanda basi bila kumwarifu mtu, nikashuka barabarani, nikakipanda kile kilima nikihema.

Nilimkuta amekaa. Amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, miguu ameinyoosha juani, kibuyu cha maziwa mapajani, anakisukasuka mbele na nyuma kutengeneza siagi, na saa iko mkononi, inawaka. Fransiska alikuwa kando yake na ungo wa maharage, lakini maharage hakuwa anayachambua sana, maana kazi yake kubwa ilikuwa kusoma kioo cha saa.

"Mama Onesphory, Dongobesh umeshaipita," alikuwa anasema. "Ongeza kidogo tu, leo utalala Haydom."

"Haydom sina mtu," mama akajibu. "Nageuza, narudi nyumbani."

Walicheka mpaka kibuyu kikasimama, na hapo ndipo waliponiona. Mama ndiye aliyewahi kusema.

"Karibu, mwanangu. Usinione nimekaa, natoka mbali."

Nilipaswa kucheka, na leo nikikumbuka hucheka nikiwa peke yangu, ila siku ile sikucheka. Nilisema, mbele ya Fransiska, ambaye mimi humwita mama mdogo, kwamba mama ametudanganya. Mama akakiweka kibuyu chini taratibu.

"Wewe sijakudanganya hata siku moja," alisema. "Nimeidanganya saa. Na yenyewe ndiyo iliyoanza."

Nikamvua ile saa. Nikamwambia makubaliano yamevunjika, nikampigia Onesphory palepale, naye akasema atakuja na pikapu baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Fransiska akauchukua ungo wake akaondoka bila kuaga. Mama hakubishana. Alinipikia chai, akanifungia mtindi wa kuondoka nao, akanisindikiza mpaka kwenye ua akisema nisalimie watoto wa shule, na ni kwa upole huo nilijua kwamba nimemuumiza.

Leo ni Alhamisi, na kila Alhamisi mama hunitumia siagi kwa basi la asubuhi, katika kopo la bluu lililokuwa la maziwa ya unga. Kondakta hunikabidhi stendi kwa maneno yaleyale: "Mama yako anakusalimia, amesema urudishe kopo." Nilitarajia kwamba wiki hii halitakuja, kwamba angalau ataninyima siagi. Limekuja. Salamu zimekuja. Nimeipaka kwenye mkate na nimeshindwa kuumaliza.

Sasa naomba unisaidie katika mawili ambayo siwezi kuyatenganisha. Saa nimeizima na kuiwasha, nimeifuta na kuianzisha upya, nimeipeleka kwa fundi wa simu hapa Katesh naye anasema ni nzima. Je, inarekebishwaje ili ihesabu kilicho kweli? Na la pili ndilo linaloninyima raha: ikiwa zile hesabu ndogo za mwanzo zilikuwa sahihi, basi mama hawezi kuendelea kuishi peke yake, na kibuyu kilikuwa njia ya kutuficha udhaifu wake, lakini ikiwa hazikuwa sahihi, basi ninamwondoa mtu mzima katika nyumba yake, na ng'ombe wake, na rafiki yake, kwa kosa la kifaa ambacho mimi ndiye niliyeapa kwamba hakina upande. Mama na Fransiska hukusikiliza kila Jumanne. Kwa hiyo najua watayasikia haya, na bado naomba usinionee huruma kupita kiasi.

Wako,
Oliva, Katesh

*

Oliva,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikukasirikia kidogo. Nitaanza na saa, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko ninyi.

Fundi wako amesema kweli, saa ni nzima. Tatizo ni kwamba haijui mguu ni kitu gani. Imefungwa mkononi, na ndani yake mna kifaa kinachosikia mkono ukienda mbele na kurudi. Mkono ukifanya hivyo kwa mfululizo, saa inahitimisha kwamba mwenye mkono anatembea. Basi jiulize, mama wa Nambis anapotembea mikono yake huwa wapi? Asubuhi ya baridi yenu ile, imo ndani ya shali, imekunjwa kifuani. Akitoka kisimani, mkono umeshika ndoo. Akitoka shambani, umeshikilia mzigo begani au jembe. Mkono uliotulia, kwa saa, ni mtu aliyekaa. Ongeza kwamba mtu wa umri wake hupanda kilima kwa hatua fupi za taratibu, na saa nyingi hudhani hizo ni kujigeuza tu kitini. Halafu mpe mtu huyohuyo kibuyu: mkono mbele, mkono nyuma, kwa mwendo mmoja, na saa inashangilia kwa taa. Mama yako aliligundua hilo bila kufungua maelekezo. Wewe uliyafungua?

Uliona kwamba hatua za kibuyu zilikuwa za kasi moja bila pumziko, ukatia shaka. Hapo ulifanya vizuri, na nisingekuwa mkweli nisipokusifu. Ila hesabu kubwa ulizichunguza na hesabu ndogo ukaziamini. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu zile ndogo zilifanana na hofu uliyokuwa nayo kabla saa haijanunuliwa. Tena mwanafunzi wako akichukua mizani asiyoijaribu, akapimia, akatangaza matokeo, wewe ungemkata alama. Jikate.

Sasa rekebisha. Mrudishie mama saa yake, kwa mikono miwili, na maneno ya kuambatana nayo unayajua. Mkanda ukazwe mpaka kidole kimoja tu kipite, na saa iguse ngozi, isikae juu ya mkono wa sweta. Fungua mipangilio uangalie urefu, uzito na umri ulioandikwa humo ni wa nani. Hukutaja, na nina wasiwasi kwamba ulipokuwa na haraka ya haki uliandika wa kwako. Humo humo taja ni mkono upi ulioivaa. Uzime ule mtetemo wa kumwamuru asimame, mama aende nayo kanisani akapige magoti kwa amani. Anapotoka kwenda mbali, afungue ile alama ya mtu anayetembea na asubiri kidogo nje mpaka saa iipate setilaiti. Hapo itaifuata njia aliyopita, na umbali utaonekana hata mikono ikiwa imekunjwa. Na siku za baridi kali au za mzigo, aifunge kwenye kifundo cha mguu juu ya soksi. Haitatoa hesabu kamili, wala haikutengenezwa kwa ajili ya huko, lakini mguu haujifichi ndani ya shali. Mwisho, tembeeni pamoja hatua mia moja, wewe ukihesabu kwa mdomo, mlinganishe na kioo. Fanyeni hivyo mkishuka, fanyeni tena mkipanda. Na wakati wa kibuyu saa ivuliwe.

Hayo ni ya saa. Nije kwako.

Umeniuliza jinsi ya kutenganisha mambo mawili, ukaniambia huna njia. Oliva, njia umeniandikia mwenyewe katika barua, ukaipita. Umesema nyumba iko juu ya kilima ambacho basi halipandi. Umesema wewe mwenyewe, mwalimu mwenye magoti mapya, ulikipanda ukihema. Umesema kila Alhamisi asubuhi kopo la bluu linapanda basi huko barabarani, na kondakta analeta salamu za mama pamoja na agizo lake kuhusu kopo. Sasa niambie, lile kopo linafikaje barabarani? Halina miguu. Nani anashuka nalo kwenye umande kabla basi halijapita, amelishika kwa mikono yote miwili lisimwagike, na halafu anakipanda tena kilima kwenda kumwachia ng'ombe majani? Huyo aliyelishika kwa mikono miwili, saa ingemwandikia nini?

Wiki zote hizo ulikuwa unaangalia simu, na ushahidi wa miguu ya mama yako ulikuwa mezani kwako, unaupaka kwenye mkate.

Lakini nisiwe kama wewe, nikapenda hesabu kwa sababu inanifurahisha. Naweza kuwa nimekosea. Huenda anayeshuka ni Fransiska, na salamu ni za kutumwa. Huenda mama anashuka vizuri na kupanda kwa taabu. Sijafika kwenye kilima hicho, na anayetoa hukumu akiwa studio hana tofauti kubwa na anayetoa hukumu akiwa Katesh. Kwa hiyo usiniamini. Omba ruhusa shuleni, kesho Jumatano ulale kwa mama. Usimwulize chochote, na grafu uiache nyumbani. Alhamisi asubuhi kopo likishuka, shuka nalo. Kaa nyuma yake kidogo. Angalia anapumzika wapi, goti gani analishika, anaongea huku anapanda au ananyamaza kutafuta pumzi. Halafu panda naye mpaka juu, kwa mwendo wake na si wako. Ukiona kweli anashindwa, mwambie ulichokiona kwa macho yako, mkiwa wawili, naye atakujibu kama mtu mzima anavyojibu. Alikuuliza tangu mwanzo kama ataulizwa yeye au itaulizwa saa. Swali hilo bado hujalijibu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limenishangaza katika familia yenu yenye wasomi. Mama alianguka kwa nini? Kwa maelezo yako, alianguka kwa sababu alikuwa anatoka kisimani kwenye tope la masika na ndoo ya maji kichwani. Daktari hakusema miguu ni mibovu, alisema aitumie. Ninyi mkakutana, mkanywa chai yake, mkaamua kupima miguu. Kisima mkakiacha palepale kilipo. Ndoo mkaiacha. Masika ijayo itakuja na tope lake, na hata saa ikiwa sahihi kama nini, haitamshika mkono. Nyumba ya marehemu baba yenu bila shaka ina bati, kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Bati likiwekewa mfereji, na chini yake likawekwa tangi, mama atachota maji mlangoni, na kutembea atatembea kwenda anakopenda: kanisani, shambani, barabarani na kopo lake.

Sasa naomba uniruhusu niongee na wengine.

Mama Gaudensia, shikamoo. Mama Fransiska, shikamoo nawe; najua redio iko wazi na ungo uko magotini. Safari ya Dongobesh imenifurahisha mno, na mtu anayeweza kusafiri mbali hivyo bila kuondoka kwenye kigoda sina wasiwasi na akili yake. Lakini, mama, ulijua kwamba mtoto anaogopa, na hofu ya mtoto haichezewi kwa kibuyu. Ungemwambia tu, "Mwanangu, saa inanionea, njoo tutembee uone." Najua utanijibu kwamba ulimwambia kwenye simu, saa haikwenda, wewe ulikwenda, naye hakusikia. Ni kweli, na kwa hilo nusu ya lawama naiondoa. Nusu iliyobaki uipokee. Kesho akija, mpokee bila kumtania mpaka atakapokuwa ameshakula. Tangi likija, usilikatae kwa sababu limeletwa na walewale waliotaka kukuhamisha. Na siku tope likiwa zito, kisimani usiende, hata kama unajisikia na nguvu za kufika Haydom. Haydom kwenyewe, ukiamua kwenda kweli, nenda kwa basi, na Fransiska akusindikize.

Onesphory, wewe hukuniandikia, ila jina lako limesomwa hapa mara nyingi kiasi kwamba umeshakuwa mgeni wetu. Jumamosi njoo. Uliahidi pikapu na sitaki uvunje ahadi kwa mama yako. Ila isije tupu ikitafuta mtu wa kubeba. Ije na tangi, mfereji, misumari na fundi, nawe ulale huko mpaka maji ya kwanza yapite, hata kama itabidi umwage ndoo juu ya bati ili kujaribu. Chai ipo.

Na wewe Oliva, unapofunga mkoba wako kesho, tafuta kabatini yale makopo ya bluu. Bila shaka yamejaa huko, umewekea chumvi na kalamu. Kila Alhamisi mama amekuwa anakutumia ujumbe uleule kwa mdomo wa kondakta, nawe ukausikia kama salamu ya kawaida. Anayataka makopo yake kwa sababu ana mpango wa kushuka tena wiki inayofuata. Yaoshe, uyarudishe yote.